Majembe Mia Mbili Mbele ya Ilanga

Zama hizo mahindi yalikuwa bado hayajavuka bahari, muhogo haujulikani, na mlio wa bunduki haujasikika bara. Watu waliishi kwa mtama, uwele na njugu mawe, na mtemi alipimwa kwa ghala zake kabla hajapimwa kwa mikuki yake. Katika zama hizo Igulu, mtemi wa Busonzo, alipeleka watu elfu mbili kuuzingira mlima wa Ilanga. Mtawala wa mlima huo, Lushinge, alikuwa ameifunga njia ya chumvi na kuwaua wachukuzi kumi na wawili wa Busonzo waliojaribu kupita.

Jeshi liliongozwa na Mihambo, mdogo wake mtemi, mtu mrefu mkimya aliyevaa ngozi ya chui begani na bangili za shaba hadi kiwiko. Lakini tumbo la jeshi lilikuwa mikononi mwa mwanamke. Jina lake Holo, mjane wa makamo, ambaye kwa miaka ishirini aliongoza misafara ya chumvi na kukijua kila kisima baina ya Busonzo na Ilanga. Mtemi alimwita ikulu akamwambia maneno machache tu: "Mihambo atapigana. Wewe utamlisha."

Ilanga ilikuwa mlima wa mawe matupu. Juu yake palizungushwa ukuta mnene, mbele ya ukuta ukapandwa ua wa miiba, na ndani mlikuwa na chemchemi isiyokauka. Mara mbili Mihambo aliushambulia ukuta huo, na mara mbili aliteremka na maiti. Basi akaamua kukaa chini na kungoja njaa iwatoe waliomo. Siku zikapita, na kila asubuhi watu wa Busonzo waliamshwa na sauti moja kutoka juu: twa, twa, twa. Vinu vya Ilanga vilikuwa vikitwanga.

"Bado wanakula," askari waliambiana, wakitazama vibuyu vyao vitupu. "Hawa wana mtama wa mwaka mzima."

Siku ya hamsini Holo aliingia katika kibanda cha Mihambo. Wakuu wa vikosi walikuwa wameketi kwenye magogo, na hakuna aliyempisha. Alizungumza akiwa amesimama.

"Mkuu, jana nilitazamia wachukuzi tisini. Wamefika arobaini."

"Wengine wako wapi?"

"Wametupa mizigo njiani wakarudi kwao. Mawingu yameanza kujikusanya, nao wana mashamba."

"Tuma watu wawakamate."

"Nikiwatuma, na hao watakaokwenda kukamata watakula nini njiani?" Holo alichuchumaa akachora mstari mavumbini kwa kidole. "Tazama, mkuu. Kutoka kwetu hadi hapa ni mwendo wa siku tisa. Mtu hubeba vibaba arobaini. Kila siku anakula kibaba kimoja akija, na kila siku kibaba kimoja akirudi. Vinavyobaki kwako ni ishirini na viwili. Ili kila askari wako apate kibaba chake, lazima watu tisini wafike hapa kila jua linapochomoza, na nyuma yao njia nzima iwe imejaa wengine. Wewe una jeshi la watu elfu mbili, nami nina jeshi la pili, na hilo la kwangu ndilo linalovunjika."

Mihambo aliutazama ule mstari.

"Tuna siku ngapi?"

"Sita. Nikipunguza posho iwe nusu kibaba, kumi na mbili."

Mkuu mmoja alisema waondoke. Mwingine akasema washambulie kesho, wafe wakiwa wameshiba. Holo aliwangoja wamalize.

"Kuna chakula karibu," akasema. "Watu wa bonde la Songo, kwa mzee wao Shigela, nusu siku tu kutoka hapa. Wana mtama umefukiwa mashimoni."

"Nimeshapeleka watu Songo mara tatu," Mihambo alijibu. "Mara ya kwanza walileta ng'ombe. Mara ya pili walikuta vibanda vitupu. Mara ya tatu walirudi wakiwa wamechomwa mishale ya sumu."

"Ulipeleka watu wa kunyang'anya. Niruhusu mimi niende kununua."

"Kwa kitu gani? Chumvi hatuna, nguo hatuna."

"Kwa chuma. Mara ile ya kwanza askari wako walibeba pia majembe ya Wasongo, wakayafua vyembe vya mishale. Mvua zinakuja, na watu wale hawana cha kulimia. Kadama ana mizigo kumi ya chuma kwenye kiwanda chake. Hayo ni majembe mia mbili."

Mihambo alisimama. Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililowaogopesha waliomfahamu.

"Jembe moja ni vyembe ishirini. Unaniomba nitoe mishale katika podo za watu wangu huku adui yuko juu ya vichwa vyetu. Sikia, Holo, na wote wasikie. Chuma kile ni silaha ya mtemi. Atakayekigusa bila ruhusa yangu, sheria anaijua."

Sheria ilikuwa kifo. Holo alifuta mstari wake kwa unyayo akatoka nje.

Alipita katikati ya kambi. Kijana mmoja wa kikosi cha ngao alikuwa akichemsha ukanda wa ngozi ndani ya chungu. Mwingine alilala ubavuni mwa njia, macho wazi, akitafuna nyasi. Wote walimwamkia, na hakuna aliyemwomba chakula. Hilo lilimuuma kuliko kama wangemtukana. Wanaoomba bado wana matumaini.

Kadama, mkuu wa wahunzi, alikuwa mzee mwenye kifua kipana na nyusi zilizoungua. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi ilikuwa ikipumua pembeni yake. Holo alimsimulia yote, hata ile amri, kwa maana hakutaka kumdanganya mtu juu ya shingo yake mwenyewe.

Kadama alipindua kipande cha chuma motoni. "Vyembe nilivyokwisha kufua vitatosha pigano moja, mama. Si mawili."

"Najua."

"Na watu wa Ilanga wakishuka mara mbili?"

"Wakija hata mara moja baada ya siku sita, watakuta watu wasioweza kupinda upinde."

Mzee alikitoa kile kipande motoni. Kisha akachukua nyundo. "Nikifua jembe au nikifua chembe, mlio ni ule ule. Nyundo haina sauti mbili. Nipe siku mbili."

Siku ya tatu, alfajiri, Holo aliondoka kambini na wachukuzi kumi na tisa, wanawake kwa wanaume, kila mmoja na mzigo wa nyasi za kuezekea kichwani. Walinzi waliwapisha bila kuuliza. Maghala ya njiani yalihitaji mapaa kabla ya mvua. Ndani ya nyasi mlikuwa na majembe, kumi katika kila mzigo, yakiwa bado na weusi wa moto. Hakuna aliyechukua hata kisu.

Walipofika kwenye kingo za bonde la Songo, mshale uliruka ukachoma ardhi mbele ya miguu ya Holo. Wakasimama. Wapiga upinde walitokea vichakani pande zote, na kati yao akaja mwanamume mfupi aliyevaa ngozi ya mbuzi, mkono wake wa kushoto umefungwa majani ya dawa.

"Mimi ndiye Shigela," alisema. "Rudini mlikotoka. Yaliyobaki hapa ni makaburi tu."

"Shikamoo baba," Holo alisema, akapiga magoti. "Sikuja kuchukua."

"Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyinyi mna siku zaidi ya hamsini katika nchi hii, na majembe mmejipa wenyewe. Mmekula ng'ombe zetu. Mmekula hata mbegu. Mama, hiyo njaa yenu ninaisikia ikinguruma kutoka huku, na ninaifurahia."

Holo hakujitetea. Alitua mzigo wake, akafungua kamba, akatandaza majembe kumi juu ya nyasi. Mmoja mmoja wachukuzi wake wakafanya vivyo hivyo, hadi njia ikafunikwa na chuma.

Mwanamke mmoja wa Songo alishusha upinde wake. Alisogea, akainua jembe, akaligonga kwa kucha ya kidole na kusikiliza. Kisha akalipakata kifuani kama mtoto.

"Mia mbili," Holo alisema. "Nimeyaleta yote kwa mara moja. Mkitaka kutuua sasa na kuyachukua, mnaweza, na wala hamtakuwa mmekosa sana. Lakini mkikubali kuuza, nyinyi mtachagua mahali. Askari hawatavuka kijito cha mpakani, kile kinachopita kando ya kambi yetu. Mtaleta mtama hadi kijitoni, nasi tutaupokea pale. Atakayevuka, mpigeni mshale, nami sitamlilia."

Shigela alimtazama kwa makini. "Mkuu wako ameahidi hayo?"

Hapo Holo angeweza kusema uongo.

"Mkuu wangu amekataza. Nikirudi bila mtama nitauawa kwa sababu ya haya majembe. Nikirudi na mtama, huenda nikauawa pia. Lakini watu elfu mbili watakuwa wamekula, na watu walioshiba hawana haja ya kuja kuchoma nyumba zenu. Wenye njaa watakuja, baba. Wakiwa mia, wakiwa mia tano. Njaa haiogopi sumu."

Shigela alikwenda kando na watu wake. Mashauri yao yalichukua muda mrefu, jua likainama magharibi, na Holo aliendelea kupiga magoti mpaka miguu ikafa ganzi. Mwishowe mzee alirudi.

"Mwongo angesema ameahidi," alisema. "Mtama utakuwa kijitoni kesho asubuhi. Na siku sita zinazofuata. Baada ya hapo mashimo yatakuwa matupu, sisi na nyinyi tutamwangalia Mungu."

Kesho yake wanawake wa Songo waliteremka kijitoni kwa mstari mrefu, vikapu vya mtama na kunde kichwani, wapiga upinde wao wakiwa nyuma. Walipotua vikapu, kambi nzima ya Busonzo ilikuwa imesimama ng'ambo, ikitazama. Hakuna aliyevuka. Holo alikuwa amewapanga wachukuzi wake ukingoni, lakini hawakuhitajika.

Mihambo alikuja akiwa na mkuki mkononi. Watu wakampisha.

"Umelipa nini?" aliuliza, ingawa alikuwa amekwisha kupita kiwandani kwa Kadama.

"Majembe mia mbili, mkuu."

Alinyanyua mkuki. Nyuma yake kulikuwa na watu elfu mbili, na macho yao hayakuwa kwake wala kwa Holo, yalikuwa kwenye vikapu. Mihambo aligeuka, akayaona macho hayo, akateremsha mkuki polepole.

"Nitakuhukumu vita vikiisha," alisema. "Wagawie watu posho."

Siku nne walikula. Maghala matano ya miti na nyasi yalijengwa katikati ya kambi na kujazwa. Kutoka ukutani watu wa Ilanga waliona yote: msururu wa vikapu, moshi wa vyungu, askari wakikaa kivulini wakisugua matumbo. Walikuwa wameingojea mvua iwaondoe adui zao, na sasa adui alikuwa amepata jirani wa kumlisha.

Siku ya tano, saa ya adhuhuri, lango la Ilanga lilifunguka.

Watu wa Ilanga hawakuelekea kwenye kibanda cha Mihambo. Walishuka mia sita kwa mkupuo, mienge ikiwaka mikononi, moja kwa moja kwenye maghala. Walinzi wa mbele walipiga mishale mpaka podo zikaisha, na ziliisha mapema. Holo alisikia wapiga upinde wakiita, "Vyembe! Leteni vyembe!" na akajua kwamba hakuna wa kuwaletea. Waliokuwa wakiita walitupa pinde zao, wakakamata magogo na mawe, na wengi wao walianguka pale pale.

"Ngozi!" Holo alipiga kelele. "Lowesheni ngozi!"

Wachukuzi wakakimbia na ngozi mbichi za ng'ombe zilizochovywa kijitoni, wakazitupa juu ya mapaa. Ghala la kwanza lilishika moto, kisha la pili. Mbele ya la tatu alisimama Kadama na nyundo yake ya kufulia, akipiga kulia na kushoto kama mtu aliye kazini. Holo alimwona akiangusha mtu, na mwingine, kisha mkuki ukamwingia ubavuni. Mzee alikaa chini taratibu, mgongo wake kwenye mlango wa ghala, na hakuna aliyeweza kumwondoa pale hadi Mihambo alipofika na kikosi cha ngao na kuwarudisha watu wa Ilanga mlimani.

Watu kumi na tisa wa Busonzo walikufa na podo tupu migongoni. Holo aliwahesabu mwenyewe. Alimfumba macho Kadama, akakaa karibu yake asijue la kufanya na mikono yake.

Ndipo alipomwona mmoja wa maiti wa Ilanga, kijana, amelala kifudifudi kwenye mtama uliomwagika. Alimgeuza amnyooshe. Mashavu yalikuwa yamejaa. Alipofungua kinywa, mtama ulimiminika, mbichi, wenye maganda, nusu umetafunwa. Mtu huyu alikuwa akila vitani. Holo alimshika mkono, akaona mfupa umefunikwa na ngozi tu. Akaenda kwa wa pili, wa tatu. Wote walikuwa hivyo hivyo.

Alikimbia kwa Mihambo, aliyekuwa akifungwa jeraha la paja.

"Mkuu, hawana kitu! Njoo uone vinywa vyao."

"Kila asubuhi wanatwanga."

"Wanatwanga, ndiyo. Wanatwanga nini?"

Mihambo alimtazama. Kisha wote wawili wakageukia mlima.

Jioni ile Holo aliomba vyungu vyote vya kambi vipangwe upande unaotokea upepo, karibu na lango, umbali usiofikiwa na mshale. Safari hii Mihambo hakukataa. Walipika kunde kwa samli kidogo iliyotoka Songo, na harufu yake ikapanda mlimani siku mbili mfululizo. Asubuhi ya siku ya tatu hakuna kinu kilichosikika. Badala yake Lushinge mwenyewe aliteremka, amevaa kaniki yake ya kitawala, akitembea wima kwa nguvu zake zote. Mikononi alishika kinu kidogo cha mti, akakiweka mbele ya Mihambo.

"Siku thelathini tumetwanga makapi na mchanga," alisema. "Tulijua mvua zikikaribia mtaondoka. Zilibaki siku chache mno. Niue mimi, lakini watu wangu wape uji."

Mihambo alikuwa amezika watu wengi chini ya mlima huo, na mkono wake ulikuwa kwenye jambia. Aliuondoa mkono.

"Njia ya chumvi itafunguliwa," alisema hatimaye. "Ukuta utabomolewa kwa mikono yenu. Wewe utakuja nami kwa mtemi ukiwa hai. Holo, walishe."

Holo aliwalisha watu wa Ilanga kwa uji mwepesi, kibuyu kidogo kidogo, akiwazuia kwa nguvu wale waliotaka zaidi, kwa sababu alijua tumbo lililokauka likijazwa ghafla humuua mwenyewe. Aliwapa kwanza wanyonyeshao. Siku mbili zilipita hakuna aliyekufa.

Baada ya hapo Mihambo alimwita. Wakuu wote walikuwepo, na safari hii walisimama yeye alipoingia.

"Nilisema nitakuhukumu," alisema Mihambo. "Kama ungenitii, Ilanga isingeanguka, na pengine hakuna kati yetu ambaye angerudi. Nami nimewazika kumi na tisa waliokufa wakiita vyembe. Mama zao wataniuliza. Nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli, mkuu. Waambie ni mimi."

"Sheria inasema kifo."

"Naijua."

"Watu elfu mbili wanaopumua wamenishika mkono. Hutakufa. Lakini Busonzo hutarudi. Huko mtemi atatimiza nisichoweza kukitimiza mimi."

Holo aliinamisha kichwa. Alikuwa na mabinti wawili Busonzo, na wajukuu ambao hajawaona. Aliuma midomo mpaka akahisi damu. Kisha akafunga kitambaa chake kiunoni, kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo.

"Basi nisikilize kwa mara ya mwisho," alisema. "Mkirudi, msiipite njia mliyojia. Ile mmekwisha kuila. Hamna ghala lililosimama huko. Zungukeni mashariki, kwa Shigela, kisha mfuate mito. Ni siku tatu zaidi. Msiweke ngao chini, lakini msiingie nyumba ya mtu. Lipeni chumvi ya Ilanga kila mnapolala."

Mihambo aliifuata njia hiyo, na watu wake wote waliotoka Ilanga walifika nyumbani. Holo alibaki Songo, akapewa shamba kando ya kijito.

Katika ikulu ya Busonzo ngoma zilipigwa siku tisa. Waimbaji walimwimba Mihambo, jambia lake na jeraha lake. Walimwimba Kadama na nyundo yake, na kumi na tisa waliokufa. Siku ya mwisho Mtemi Igulu, akiwa amekaa juu ya kigoda chake, alimgeukia mdogo wake.

"Jambo moja sijalielewa. Wachukuzi walivunjika siku ya hamsini. Mimi mwenyewe niliwaona wakirudi. Nani aliwalisha askari siku zilizobaki?"

Mihambo, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumkamata na uongo, alitazama chini. Kumtaja Holo kungekuwa kutaja majembe, na sheria ingemfuata hadi Songo.

"Nchi, kaka," alisema.

Na ndivyo walivyoimba.